Uzi: Sifoni ya kutolea maji bwawani bila kukata tuta

MlinziWaTuta (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wenye mabwawa,

Mara nyingi hukutana na mtu aliyechimba bwawa la samaki au la kumwagilia, akalijaza maji, kisha akatambua kwamba hakuweka njia ya kuyatoa. Jibu analopewa upesi ni kukata tuta, kulaza bomba na kufukia. Naandika uzi huu kwa sababu nililifuata jibu hilo, na katika msimu wa tatu wa mvua nikakuta kijichemchemi upande wa nje wa tuta, kikitoka kandokando ya bomba wala si ndani yake, na maji yake yalikuwa na rangi ya udongo. Maji yanayovuja yakiwa maangavu, bado una muda wa kufikiri. Yakiwa na rangi ya udongo, yanatoka pamoja na tuta lenyewe, punje baada ya punje. Udongo uliochimbwa na kurudishwa ni vigumu sana kushindiliwa chini ya tumbo la bomba, na upenyo mwembamba unaobaki pale ndio njia ambayo maji huifuata na kuipanua mwaka hadi mwaka, mpaka siku tuta linapoondoka.

Sifoni hupita juu ya tuta badala ya kupita ndani yake. Ni bomba linaloanzia chini ya maji bwawani, likapanda mpaka karibu na kilele cha tuta, likashuka upande wa nje na kutokea mahali palipo chini kuliko uso wa maji ya bwawa. Likishajazwa maji na kufunguliwa, maji hupanda mkono wa ndani na kushuka mkono wa nje bila pampu na bila mafuta. Wengi wanaijua kanuni hii kupitia mpira wa kuhamishia maji kutoka pipa moja hadi lingine. Nilichojifunza kwa kuharibu na kurekebisha ni kwamba, ukitoka kwenye mpira ukaingia kwenye bomba la bwawa, kazi yenyewe ni kuisimamia hewa kuliko kuyasimamia maji. Maji yanajua pa kwenda. Hewa ndiyo huingia usikotaka, hukusanyika usipoona, na wakati mwingine inabidi wewe mwenyewe uikaribishe.

Tuanze na mipaka. Kwenye usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa unaweza kushikilia safu ya maji yenye kimo cha takriban mita 10.3, na kila unapopanda mita 1,000 kimo hicho hupungua kwa zaidi kidogo ya mita moja, kiasi kwamba kwenye mwinuko wa mita 2,000 kinabaki kama mita 8.1. Hicho ni kikomo cha kinadharia ambacho hakuna sifoni ya kawaida inayokikaribia, kwa sababu maji yaliyo kwenye ombwe huanza kuachia hewa iliyoyeyuka ndani yake mapema zaidi. Kwa kazi ya kudumu mimi singepandisha maji zaidi ya mita 6 karibu na usawa wa bahari, na ningepunguza zaidi milimani. Si kwamba milimani haiwezekani: kwenye ziwa Palcacocha la nchini Peru, lililo zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, mabomba ya sifoni yaliwekwa mwaka 2011 ili kushusha maji ya ziwa hilo la barafu na kupunguza hatari ya mafuriko. Kwa bwawa la kawaida lenye tuta la mita mbili au tatu, mipaka hii haitakugusa, mradi ukumbuke kwamba kimo cha kupandisha hupimwa kutoka kwenye uso wa maji, na uso huo unashuka kadiri bwawa linavyotoka. Sifoni inayoanza kazi kwa urahisi bwawa likiwa limejaa inaweza kukatika njiani, kwa kuwa mzigo wake umeongezeka saa baada ya saa.

Kabla ya kununua chochote, pima levo. Chukua mpira unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi ujenzi huujaza maji na kulinganishia kuta, kisha tafuta vimo vinne: uso wa maji bwawa likijaa, kina cha chini unachotaka kufikia, kilele ambako bomba litapita, na mdomo wa kutokea. Usikadirie kwa macho, kwa sababu mteremko hudanganya sana. Tofauti kati ya uso wa maji na mdomo wa kutokea ndiyo nguvu yote uliyo nayo. Mdomo wa kutokea ukiwa juu kuliko sakafu ya bwawa, maji yatasimama pale yatakapolingana nao, hata ufanye nini.

Nitatumia bwawa la mfano ili hesabu ziwe na mwili. Tuseme lina urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kina cha wastani cha mita 1.2, yaani mita za ujazo 360. Bomba lina urefu wa mita 18 na kipenyo cha ndani cha milimita 100, lina elbo (viungo vya kona) nne za nyuzi 45, valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye mdomo wa ndani, na geti valvu kwenye mdomo wa nje. Tofauti ya levo ni mita 2.5 bwawa likijaa na mita 1.3 likikaribia kuisha. Ukijumlisha msuguano wa bomba, elbo, valvu na kutoka kwenye mdomo, unapata kasi ya karibu mita 2.5 kwa sekunde mwanzoni na 1.8 mwishoni, ambayo kwa wastani ni kama lita 17 kwa sekunde au mita za ujazo 60 kwa saa. Bwawa linaisha kwa takriban saa sita. Weka bomba la kipenyo cha milimita 50 mahali palepale, na hesabu hiyohiyo inakupa kama mita za ujazo 12 kwa saa, yaani saa 30. Eneo la tundu limepungua mara nne, lakini maji yamepungua mara tano, kwa kuwa bomba jembamba lina msuguano mkubwa zaidi. Anayesita kati ya saizi mbili achukue kubwa, kwa sababu maji mengi unaweza kuyabana kwa valvu, ilhali madogo huwezi kuyaongeza.

Valvu ya kudhibiti iwe upande wa nje, chini kabisa. Hili nalisisitiza kwa nguvu zangu zote. Ukibana maji mwishoni mwa bomba, mgandamizo ndani ya bomba zima unapanda na mapovu yanatulia. Ukiyabana kwenye mdomo wa ndani, au juu kwenye kilele, sehemu yote inayofuata inavutwa kama mrija uliozibwa kwa kidole: hewa inachomoka kutoka kwenye maji, viungo vinaanza kunyonya, na bomba jepesi linaweza hata kubonyea.

Kuhusu kulijaza bomba, ambako ndiko wengi hukata tamaa, njia niliyoizoea ni hii. Kwenye kilele weka tii (kiungo chenye umbo la T) inayotazama juu yenye kofia ya kufungua. Funga valvu ya nje. Mimina maji kupitia tii hiyo taratibu. Valvu ya kuzuia maji yasirudi, iliyo bwawani, itayazuia yasikimbie. Bomba la mfano wetu linameza karibu lita 140, yaani ndoo saba za lita 20, na zile za mwisho huingia polepole kwa sababu mapovu yanapanda kwa shida kwenye mteremko mdogo. Subiri. Gonga bomba kwa kiganja. Mapovu yakiisha, jaza mpaka juu, funga kofia kwa tepu ya kuzibia uzi wa bomba, halafu nenda ukafungue valvu ya nje. Ifungue mpaka mwisho bila kusitasita, ili maji yapate kasi ya kuizoa hewa iliyojificha kileleni, kisha uibane kama unataka maji machache. Sehemu inayovuka kilele isiwe tambarare yenye mabonde. Iwe na nukta moja tu iliyo juu, na nukta hiyo iwe palepale penye tii.

Nakaribisha maswali na masahihisho, hasa kutoka kwa mafundi.

MfugajiMpya

Ndugu MlinziWaTuta, nashukuru kwa maelezo haya. Bwawa langu lina vifaranga vya sato na samaki wakubwa kidogo, nami nina hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba nikiacha sifoni ikifanya kazi usiku, itamaliza maji yote na asubuhi nitakuta samaki wamelala kwenye tope. Ya pili ni kwamba mdomo wa bomba utawavuta vifaranga. Je, kuna namna ya kuifanya ijizime yenyewe nikiwa nimelala?

MlinziWaTuta

Ndugu MfugajiMpya, ipo, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa hewa inageuka kuwa mtumishi.

Chukua bomba jembamba, liunge juu ya kilele cha sifoni, ulishushe upande wa bwawani mpaka mdomo wake uwe kwenye levo ileile ambayo hutaki maji yapite chini yake. Mdomo huo ukiwa ndani ya maji, unanyonya maji kidogo tu na sifoni inaendelea. Uso wa maji unapoufikia, unaanza kunyonya hewa; hewa inajaa kileleni, safu ya maji inakatika, na mtiririko unasimama. Hakuna umeme wala boya, na hakuna mtu wa kukesha.

Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, bomba hilo lisiwe jembamba mno. Nilianza na la milimita 20 kwenye sifoni ya 110, likawa linaingiza hewa kidogo tu ambayo maji yaliibeba na kutoka nayo nje, nami nikasikia mlio wa gugumo usiku kucha huku bwawa likiendelea kushuka. Nilipoweka la milimita 32, mtiririko ulikatika ndani ya muda mfupi. Pili, liwekee koki, kwa sababu unapojaza sifoni kupitia kilele, maji unayomimina yatakimbilia bwawani kupitia humo. Ijaze koki ikiwa imefungwa, anzisha mtiririko, halafu fungua koki kidogo kidogo ili hewa iliyo ndani ya bomba hilo ivutwe na kuzolewa bila kukata sifoni. Tatu, baada ya kufungua usisahau kuihakiki. Koki iliyosahaulika ikiwa imefungwa ni sawa na kutokuwa na kinga yoyote.

Ama kuhusu vifaranga, kinachowaua si bomba bali kasi ya maji kwenye uso wa wavu. Ukifunga kipande cha wavu kwenye mdomo wa bomba peke yake, maji yanapita pale kwa mita mbili na nusu kwa sekunde, na kifaranga akigusa hatoki. Tengeneza kikapu kikubwa kinachouzunguka mdomo. Ukitaka kasi kwenye matundu isizidi mita 0.1 kwa sekunde, kwa lita 19 au 20 kwa sekunde unahitaji matundu yenye jumla ya mita za mraba 0.2, na kwa kuwa karibu nusu ya wavu ni nyuzi, uso wa kikapu uwe mita za mraba 0.4. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 35 na urefu wa sentimita 40 inatosha. Matundu yawe madogo kuliko kichwa cha kifaranga wako mdogo kabisa, nawe uwe tayari kuyasafisha, maana majani na mwani huyaziba upesi. Wavu ulioziba ni sawa na kubana upande wa ndani, jambo nililolikataza hapo juu.

FundiWaMabomba

Nakubaliana na mwanzisha uzi kwa mengi, lakini kuna jambo amelipita haraka, nalo ndilo limenipeleka kwenye mabwawa ya watu mara nyingi kuliko jingine lolote: aina ya bomba na viungo vyake.

Bomba la kawaida la maji limetengenezwa kuhimili msukumo wa kutoka ndani kwenda nje. Kwenye sifoni, sehemu yote iliyo juu ya uso wa maji inasukumwa kinyume chake. Bomba jepesi la maji machafu, lenye viungo vya pete ya mpira, halikusudiwi kuvutwa namna hiyo. Pete yake huziba vizuri maji yanaposukuma, lakini ikivutwa inaweza kupitisha hewa bila kutoa tone hata moja la maji, na hapo mwenye bwawa anaapa kwamba bomba lake halivuji. Halivuji kweli, linanyonya. Mpira laini wa kujikunja ndio mbaya zaidi, kwa kuwa hulala bapa pale kileleni na kuziba njia. Kwa hiyo tumia bomba gumu la daraja la kuhimili mgandamizo, viungo vyake viunganishwe kwa gundi, ama bomba la poliethilini lililoyeyushwa na kuunganishwa kwa joto. Safisha, kwaruza kidogo, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo mzunguko, shikilia, kisha usiliguse mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo la gundi upite.

Jaribio langu ni rahisi. Kabla ya kufukia chochote, naziba mdomo wa ndani na wa nje, najaza bomba kupitia tii, kisha naongeza kipande cha bomba kilichosimama juu ya tii, chenye urefu wa mita mbili, nacho nakijaza. Sasa kila kiungo kina msukumo wa kutoka ndani. Naweka alama kwenye levo ya maji jioni na kuitazama asubuhi. Levo ikiwa imeshuka, napita na kitambaa kikavu nikipapasa kila kiungo mpaka nipate penye unyevu. Tundu linalopitisha tone moja la maji kwa msukumo huu litapitisha hewa ya kutosha kuua sifoni ndani ya saa chache. Jaribio hili si kamilifu kwa viungo vya pete ya mpira kwa sababu niliyoieleza, lakini kwa viungo vya gundi halijawahi kuniangusha.

MpendaFizikia

Naomba kuuliza jambo la msingi. Shuleni tulifundishwa kwamba mgandamizo wa hewa ndio unaoyasukuma maji kwenye sifoni. Mwanzisha uzi anazungumza kana kwamba ni uzito wa maji. Ipi ni sahihi?

MlinziWaTuta

Swali hili limewagonganisha hata wenye kamusi. Mwaka 2010 mwanafizikia Stephen Hughes wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Australia, aliandika kuhusu sifoni iliyokuwa ikihamisha maji ya mto Murray kuyapeleka ziwa Bonney, na katika utafiti huo akabaini kwamba kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilikuwa imeeleza tangu 1911 kuwa sifoni huendeshwa na mgandamizo wa hewa. Hoja yake ni kwamba kinachoyaendesha maji ni kani ya uvutano, maana mgandamizo wa hewa unakaribia kuwa sawa kwenye midomo yote miwili. Ukiusukuma mlango pande zote mbili kwa nguvu sawa, haufunguki.

Kwa mtu wa bwawa nafikiri ni vema kuvitenganisha hivi: uzito wa maji katika mkono mrefu ndio unaoamua yatoke mangapi, na mgandamizo wa hewa ndio unaoizuia safu ya maji isikatike kileleni. Hesabu ya kwanza nimekwisha kuitoa. Ya pili kwa bwawa letu la mfano ni hii: kilele kiko sentimita 60 juu ya maji bwawa likijaa, na mita 1.8 likikaribia kuisha. Ongeza mita 0.16 za kasi na takriban mita 0.7 za msuguano wa mkono wa ndani, unapata mvuto wa karibu mita 2.7 kati ya zile 10.3. Tuko salama kabisa. Lakini wavu ukiziba nusu, hiyo 0.7 inapanda upesi.

UdongoMfinyanzi

Ndugu zangu, sina ubishi na hesabu, bali na zile saa sita. Mita 1.2 kwa saa sita ni haraka mno kwa tuta la mfinyanzi lililokaa na maji kwa miaka. Maji ya bwawa yanalisukuma tuta na kuliegemea kama mkono wa mtu. Ukiyaondoa ghafla, yale yaliyonyonywa ndani ya udongo bado yamo, kwa sababu mfinyanzi hauyaachii kwa saa chache. Udongo umebaki mzito na mlegevu, na kilichokuwa kikiuegemeza kimekwenda. Ndipo mteremko wa ndani unapomeguka na kuteleza bwawani. Nimeliona kwa macho yangu kwenye bwawa la jirani aliyetumia pampu kubwa: ufa ulianza juu ya tuta, sambamba na maji, na kufikia jioni kipande chenye urefu wa kama mita nne kilikuwa kimeshuka. Kanuni niliyoizoea ni kutoshusha maji zaidi ya sentimita 30 kwa siku, na kupita juu ya tuta kila asubuhi kutafuta nyufa.

MlinziWaTuta

Ndugu UdongoMfinyanzi amesema kweli, na nilikosea kutoa zile saa sita bila kuweka onyo. Huo ni uwezo wa bomba, wala si mwendo ninaoushauri. Kwenye bwawa la mfano, sentimita 30 ni mita za ujazo 90, ambazo bomba letu linazitoa kwa saa moja na nusu hivi. Kwa hiyo ama unaifungua kwa muda huo kila siku kwa siku nne, ama unaibana valvu ya nje.

Nami naona njia ya tatu iliyo bora, inayotokana na kile kibomba cha kukatia sifoni. Mdomo wake ukiwa na kipande kinachoweza kuteremshwa, unaweza kuushusha sentimita 30 kila siku. Unajaza sifoni, unaifungua, unakwenda shambani. Maji yakishuka sentimita 30 yanasimama yenyewe. Kesho yake unateremsha mdomo tena. Sehemu ya mwisho tu, pale samaki wanapobanana kwenye maji machache na oksijeni inapungua, ndiyo ya kufanywa kwa haraka, alfajiri kabla ya jua kupanda, ukiwa na nyavu na watu tayari.

Niongeze jambo kuhusu mdomo wa nje, kwa sababu nalo linahusu tuta. Maji yanayotoka kwa mita mbili kwa sekunde huchimba udongo. Yakitokea kwenye kitako cha tuta, umehamisha tatizo kutoka ndani kwenda nje. Peleka bomba mbali na kitako, na utokee kwenye pipa lililokatwa nusu na kuzungushiwa mawe, elbo ya mwisho ikitazama juu ndani ya pipa. Maji yanapiga ndani ya maji, nguvu yake inaisha, kisha yanamwagika taratibu kwenye mfereji. Faida ya pili ni kwamba mdomo unabaki umezama, na hewa haiwezi kupanda kinyume ndani ya bomba wakati mtiririko ni mdogo.

MfugajiMpya

Ndugu zangu, narudi na taarifa. Nimejenga kama mlivyoelekeza, kwa bomba la milimita 110 lililounganishwa kwa gundi. Jaribio la usiku kucha la ndugu FundiWaMabomba lilionyesha unyevu kwenye uzi wa kofia ya juu, ambao niliuvua na kuufunga upya kwa tepu nyingi zaidi. Sifoni ilianza vizuri. Siku ya kwanza na ya pili ilijikata yenyewe palepale penye alama. Siku ya tatu, maji yakiwa bado kama sentimita 45 juu ya mdomo wa ndani, ilianza kugugumia na ikakatika kabla ya kufikia alama. Viungo vyote ni vikavu. Kosa liko wapi?

FundiWaMabomba

Tazama uso wa maji juu ya kikapu wakati inagugumia. Je, maji yanazunguka na kutengeneza shimo kama faneli?

MfugajiMpya

Ndiyo, kuna shimo jembamba linalokuja na kupotea.

FundiWaMabomba

Basi hewa inaingia kwa mlango wa mbele. Kadiri maji yanavyopungua juu ya mdomo, mzunguko huo unafika chini na kuvuta hewa moja kwa moja ndani ya bomba. Fanya mambo mawili. Kwanza, weka bamba la plastiki au ubao mzito wa duara juu ya kikapu, mpana kuliko kikapu chenyewe, ili maji yalazimike kuingia kwa ubavuni badala ya kushuka wima. Pili, bana valvu ya nje mpaka robo tatu maji yanapofikia kina hicho, kwa sababu kasi ndogo hutengeneza mzunguko dhaifu. Bwawa likikauka siku ya mavuno, chimba shimo la kina cha sentimita 50 au 60 kwenye sehemu ya chini kabisa na ulishushe kikapu humo. Hapo utapata maji ya kuufunika mdomo hata sakafu inapoanza kuonekana, na samaki nao watakusanyika palepale unapowataka.

MlinziWaTuta

Naongeza kwamba kikapu kisilale juu ya tope ndani ya shimo hilo. Kiinue kwa matofali mawili, kama sentimita 15, la sivyo tope litaziba nusu ya chini ya wavu.

MfugajiMpya

Nimeweka bamba lenye upana wa sentimita 60 na kubana valvu kama mlivyosema. Shimo la hewa halikuonekana tena, na leo asubuhi nimekuta maji yamesimama sentimita mbili tu chini ya alama, koki ya kibomba ikiwa wazi na tuta likiwa halina ufa. Swali langu la mwisho: kati ya mavuno na mavuno, niliache bomba likiwa limejaa maji, au nilimwage?

MlinziWaTuta

Liache limejaa, valvu ya nje imefungwa, na koki ya kibomba imefungwa. Hewa kidogo itakusanyika kileleni hata kama hakuna kiungo kinachonyonya, kwa kuwa maji yanaachia hewa yake taratibu. Kila unapotaka kuitumia, fungua kofia, ongeza maji mpaka yafurike, funga, kisha fungua valvu. Ikiwa kila mara inameza zaidi ya ndoo moja au mbili, kagua kwanza ile valvu ya bwawani: mara nyingi utakuta kijiti au konokono amekaa kwenye kizibo chake.